Mashine haiwaki, betri haichaji: shika mita kabla hujashika pochi

Kuna mzee mmoja pale Mkokotoni, Unguja, alinunua betri tatu ndani ya miezi minne. Tatu! Boti yake ya fiba, mashine Yamaha 40 ya stata (mota ya umeme ya kuiwashia), anavua dagaa usiku, na kila betri mpya inamfanyia kazi wiki mbili tatu halafu asubuhi moja anageuza funguo anasikia "tk" basi, kimya, vijana wanaanza kuvuta kamba huku maji yanapwa na boti inakaribia kukaa mchangani. Siku aliponiita alikuwa ameshashika hela ya betri ya nne mkononi. Nikamwambia ami, hebu rudisha pesa mfukoni, nipe dakika kumi tu. Akaguna, ila akanipa.

Haikufika kumi. Waya wa athi, ule mweusi mnene unaotoka betri kwenda kwenye chuma cha mashine, boliti yake ukiiangalia kwa juu nzima kabisa, inang'aa, lakini nilipoifungua chini yake unga wa kijani mtupu. Nikapiga msasa, nikakaza, mashine ikalia pigo la kwanza. Nikaondoka najisifu kama kawaida ya mafundi. (Hadithi haikuishia hapo, nitairudia chini, maana mwenyewe nilipitwa na kitu.)

Sasa tatizo letu wengi, na mimi miaka ya mwanzo nilikuwa hivyohivyo, tunatengeneza kwa kubahatisha. Mashine haipigi, badilisha betri. Bado, badilisha stata. Bado, labda rilei, ile swichi ya umeme inayoiruhusu stata. Mwenye boti anaumia na fundi anaonekana mtu wa maana kwa sababu katoa vitu vingi. Wakati umeme wa boti ni mzunguko mdogo sana ukiufikiria: betri inatoa, nyaya zinabeba, rilei inafungua njia, stata inazungusha, halafu mashine ikishawaka koili iliyo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, inarudisha kilichotumika. Ukikatika mahali pamoja dalili inatokea pengine, ndo maana watu wanapotea njia.

Unachohitaji ni mita, ile ya bei rahisi ya kwenye maduka ya umeme inatosha, mradi inasoma volti DC (umeme wa betri) na AC (umeme wa koili), inasoma ohm na ina ile alama ya diodi. Spana namba 10 na 12, bisibisi, msasa laini, brashi ya waya, na mafuta ya mgando. Ukiwa nayo haidromita ya kupima maji ya betri vizuri zaidi. Halafu kabla ya yote fungua kava uiache mashine ipumue, petroli ikivuja ndani ya kava na wewe ukatoa cheche, hapo hatuzungumzii betri tena. Sigara weka mbali, betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka, hilo siyo stori ya kutishana.

Anza na masikio

Geuza funguo (au bonyeza kitufe kama mashine yako ni ya mkono wa tilla, ile unayoiongoza kwa fimbo yake) usikilize vizuri, sauti yenyewe inakuambia nusu ya jibu.

Kimya kabisa, hakuna hata tk: umeme haufiki kwenye rilei. Fyuzi, swichi ya funguo, gia, soketi, au betri imekufa fofofo.

Tk moja nzito halafu kimya: rilei inafanya kazi lakini umeme mkubwa haupiti, au unapita na stata imekwama, au mashine yenyewe imekaza.

Tktktktk ya harakaharaka kama mjusi: karibu kila mara ni betri imeisha au teminali imelegea. Rilei inavuta, stata ikitaka kula umeme volti inaanguka, rilei inaachia, volti inapanda, inavuta tena. Ndo huo mlio.

Inazunguka kwa uvivu, ng'eee... ng'eee: betri dhaifu au nyaya zina upinzani, na hapa ndipo watu wanapotupa betri nzima.

Stata inalia wiiii lakini flaiwili haigeuki: kile kigia cha stata, wenyewe tunaita bendeksi, hakipandi kushika meno ya flaiwili. Chumvi na grisi iliyoganda. Kisafishe kwa petroli kidogo ukauke, weka tone la oili nyepesi, usikipake grisi nzito, grisi ndiyo inayokifanya kikwame.

Na kama inazunguka vizuri kwa nguvu ila haiwaki, basi hilo ni la plagi au mafuta, siyo la stata wala chaji, isipokuwa kitu kimoja: angalia kile kikamba chekundu cha kuvaa mkononi kipo kwenye swichi yake. Usicheke. Nimewahi kuvuka na kisanduku changu cha zana mpaka upande wa pili kwa ajili ya kikamba, na nahodha alikuwa mtu mzima mwenye miaka thelathini baharini.

Betri, kwa namba siyo kwa kuonja

Betri ikae saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ndo uipime, ukiipima mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja itakudanganya. Ikisoma 12.6 mpaka 12.8 imejaa. 12.4 ipo kama robo tatu. 12.2 nusu. 12.0 imebaki robo na chini ya hapo usiipe kazi ya kupiga stata, ipeleke ikachajiwe kwanza. Betri ya risasi ikilala tupu siku nyingi inaanza kufa kweli, sahani zake zinaganda, kwa hiyo yule anayeiacha tupu kipindi cha kusi kikali mpaka bahari itulie asishangae.

Lakini volti ya betri iliyotulia haitoshi! Hapa ndo nataka msome polepole. Betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imekaa tu, kama mtu anayeonekana mzima kitandani. Mpe mzigo. Weka mita kwenye nguzo za betri, mwenzako apige stata, wewe tazama mita. Ikishuka mpaka 10 na kitu hivi ikakaa hapo, betri ipo sawa. Ikianguka chini ya 9.6 na ulikuwa umeijaza chaji, betri imechoka. Na ikibaki juu, 12.3, 12.4, huku stata haizunguki au inazunguka kivivu? Betri haina kosa. Umeme hautoki. Tatizo lipo kwenye nyaya, rilei au stata, na ukinunua betri hapo umetoa sadaka.

Kwa zile betri zenye vifuniko, angalia maji. Sahani zikionekana juu ya maji ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled), siyo ya kisima, siyo ya bomba, na siyo asidi, watu wanaongeza asidi wakidhani wanaipa nguvu kumbe wanaila. Ukiwa na haidromita kila chumba kikisoma 1.25 mpaka 1.28 imejaa, na chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 hata baada ya kuchaji basi hicho chumba kimekufa na betri nzima inakwenda nacho.

Teminali zisafishe kwa maji ya moto na bekingi soda ule unga mweupe uondoke, suuza, kausha, brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kaza, NDIPO upake mafuta ya mgando kwa juu. Siyo kupaka kwanza halafu kukaza. Ukifungua anza na hasi, ukifunga malizia na hasi, ili spana ikigusa chuma isipige shoti. Na zile nati za masikio za kukaza kwa vidole zitoe, boti inatikisika masaa, zinalegea, weka nati ya spana na washa ya springi.

Kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi

Waya unaweza kuwa mzima kwa macho, mzima kwa mita ya ohm, na bado ukashindwa kubeba umeme wa stata. Stata inakula ampea mia na zaidi, waya wenye nyuzi tatu tu zilizobaki nzima utawasha taa bila shida lakini stata hauiwezi. Kwa hiyo pima wakati kazi inafanyika.

Kwanza zuia mashine isiwake: toa kile kikamba chekundu, mashine nyingi stata itazunguka lakini moto hautakuwepo. Kama yako ikitolewa kikamba inagoma hata kuzunguka, basi chomoa kofia za plagi na uhakikishe zimegusana na chuma cha mashine, usiziache zinaning'inia hewani, sidiai (CDI, kile kisanduku kinachotoa moto wa plagi) haipendi hivyo na cheche ya nje haifai karibu na petroli.

Weka mita kwenye volti DC. Ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, nasema nguzo ile ya risasi, siyo klampu. Ncha nyeusi kwenye boliti ya stata pale waya mnene unapoingia. Mita itaonyesha kama 12 hivi, usishtuke, hiyo ni kwa sababu rilei bado haijafungua njia. Mwenzako apige stata sekunde tatu nne, soma hapo hapo wakati inazunguka. Isizidi nusu volti. Ikisoma volti 2, maana yake volti 2 zimeliwa njiani kabla hazijafika, na sasa unatafuta mwizi: pima nguzo na klampu yake, halafu klampu na mlango wa rilei, halafu mlango wa kuingia na wa kutokea wa rilei, halafu rilei na stata. Pale namba inaporuka ndo penyewe.

Upande wa athi ni hivyohivyo, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, piga, isizidi 0.3. Yule ami wa Mkokotoni alisoma 3.1. Volti tatu zinaishia kwenye boliti moja iliyopakwa rangi ikapendeza!

Nyaya zenyewe sasa. Siku hizi kuna waya mwingi sokoni ambao nje ni rangi ya shaba na ndani ni aluminiamu, mnene, unapendeza, bei nusu. Kwenye boti ya maji chumvi haumalizi mwaka. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani mrudishie mwenyewe. Bora waya wa kuchomelea, ule wa shaba nyuzi nyembamba nyingi, ukapigwa vichwa vizuri kwa koleo na kufunikwa. Kusokota waya kwa mkono na kuvisha tepu nyeusi kwenye boti siyo kuunga, ni kuahirisha.

Kimya kabisa, tufanye nini

Anza na vya bure. Gia iwe fri kweli, sukuma hendeli mbele rudisha katikati, jaribu tena huku ukiitikisa kidogo, maana ndani ya hendeli kuna kiswichi kinachozuia stata ikiwa gia imeingia na kikichoka mashine inadhani ipo gia. Fyuzi kuu ipo karibu na stata chini ya kava, mara nyingi ya 20 au 30, usiiangalie kwa macho tu, ipime, fyuzi za boti zinaoza miguu huku katikati nzima. Ikiwa imeungua weka ya namba ileile. Ile ya waya wa shaba uliokunjwa mara tatu tunaijua sote na tunajua boti zilizoungua pia.

Kisha chomoa soketi kubwa inayounganisha nyaya za mashine na za hendeli (kwenye Yamaha nyingi ina pini 10) uangalie pini za kijani kijani, safisha, rudisha mpaka isikike tk.

Bado kimya? Nenda kwenye rilei. Kwenye Yamaha waya mwembamba wa kahawia ndio unaoleta amri ya kupiga. Mita nyekundu kwenye kahawia, nyeusi kwenye athi, geuza funguo. Ukipata 12 na rilei haisemi kitu, rilei imekufa au kiwaya chake cheusi cha athi kimekatika. Ukipata sifuri, tatizo lipo nyuma: funguo, kiswichi cha fri, soketi, fyuzi. Umeshagawa boti nusu kwa kipimo kimoja.

Kama rilei inalia tk ila stata haiendi, pima volti kwenye boliti ya stata huku unapiga. Umeme upo, 10 na kitu, na stata imelala: fungua stata, mara nyingi ni kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani yake, zimeisha au zimekwama na vumbi la chumvi, na kaboni ni bei ndogo kuliko stata nzima. Lakini kabla hujaifungua toa plagi zote uzungushe flaiwili kwa mkono. Isipozunguka siyo stata, mashine imekaza. Na ikizunguka huku maji yanaruka kwenye matundu ya plagi, mshukuru Mungu hukuendelea kulazimisha.

Kuunganisha milango miwili minene ya rilei kwa bisibisi ili upige stata moja kwa moja kunafanya kazi, sote tunafanya, ila hapo umeruka ile kinga ya gia, hakikisha fri na hakuna mtu kwenye propela. Na usipige stata mfululizo, sekunde tano, pumzisha kumi, inaungua.

Sasa chaji

Mashine ikiwa majini au kwenye pipa la maji, usiiwashe kavu ukaunguza impela halafu ukasema nilikuambia mimi. Soma betri mashine imezimwa, tuseme 12.5. Washa. Kwenye sailensa, yaani gasi ya chini kabisa, inaweza isibadilike sana, mashine nyingi ndogo za 2-stroke chini hazichaji kitu cha maana. Pandisha gasi, mita inatakiwa kupanda nayo, 13.5 mpaka 14.5 ndo unapopataka.

Haipandi? Pima tena lakini safari hii pale waya mwekundu unapotoka kwenye rektifaya, kile kifaa kinachogeuza AC ya koili kuwa DC ya betri. Kama pale unapata 15, 16 na kwenye betri unapata 12.4, chaji ipo, njia ndo imekatika, rudi kwenye fyuzi na soketi. Kama hata pale hakuna, zima, chomoa nyaya mbili za koili zinazoingia kwenye rektifaya, kwenye Yamaha ni za kijani, mara nyingine moja ina mstari mweupe. Mita kwenye ohm, kati ya hizo mbili upate namba ndogo, siyo alama ya njia iliyokatika. Halafu kila moja na athi: hapo isisome chochote, ikisoma koili imepiga shoti kwenye chuma. Ukitaka uhakika zaidi weka mita kwenye AC, washa mashine nyaya hizo zikiwa zimechomolewa, zishike mbali na flaiwili, na volti ipande kadri unavyopandisha gasi. Inapanda, basi koili nzima na mgonjwa ni rektifaya.

Rektifaya yenyewe pima kwa alama ya diodi, kila waya wa koili na mwekundu, halafu na mweusi, ukigeuza ncha. Upande mmoja ipitishe, upande wa pili ikatae. Ikipitisha kote au ikikataa kote diodi imekufa. Na inakufaje? Njia mbili kubwa. Moja, mtu kaweka betri kinyume, hasi kwenye chanya, usiku, haraka, tochi mdomoni, sekunde moja tu inatosha. Pili, kuchomoa betri mashine ikiwa inawaka. Kuna ule mtindo wa kuwasha boti hii kwa betri, kuichomoa na kukimbilia boti ya pili. Jamani. Koili inaendelea kuzalisha, haina pa kupeleka, volti inaruka, rektifaya inakwenda.

Kinyume chake pia kipo, chaji kupita kiasi. Mita ikipita 15 na kuendelea kupanda, betri inachemka, inanuka mayai viza, globu zinaungua moja moja: regyuleta, kile kinachozuia volti isipande mno, imekufa, au mashine yako ni ya zamani isiyo na regyuleta kabisa na betri imechoka au teminali imelegea. Usiendelee nayo hivyo, na usisogeze uso pale juu.

Hesabu ya taa

Turudi kwa ami. Wiki tatu baadaye simu: fundi, imelala tena. Nilisikia aibu nikavuka na mita yangu. Athi safi, 0.1. Chaji safi, 14.1 gasi ikipanda. Betri asubuhi 11.6. Nikakaa kwenye boti naikodolea macho, ndo nikaona zile taa nne za LED pembeni, nyaya zake zimekwenda moja kwa moja kwenye betri ya mashine.

Piga hesabu. Kupiga stata ampea 100 kwa sekunde 5 ni kitu kidogo mno, mashine inayochaji ampea 6 inakirudisha kwa dakika moja na nusu. Lakini taa nne za wati 12 ni wati 48, yaani ampea 4, ukiwasha saa saba za giza umekula 28. Betri yake ni ya 70. Na mashine za saizi hii zinachaji kidogo, 6 mpaka 10 hivi gasi ikiwa juu. Kuirudisha hiyo 28 kwa ampea 6 inataka karibu saa tano za gasi, yeye anarudi pwani kwa dakika arobaini, amerudisha 4. Kesho usiku anaanza na deni, keshokutwa deni juu ya deni, mwisho betri mpya inaitwa mbovu. Hakuna kitu kilichoharibika pale, mapato na matumizi tu hayalingani.

Kwa hiyo ile hela ya betri ya nne aliitoa kweli mwishowe, ila tuliweka betri ya pili ya taa peke yake, inachajiwa nyumbani mchana, na ya mashine haigusi mtu, hata ya kuchaji simu. Simu inaonekana ndogo, ila baharia sita na simu sita na redio...

Kama huna taa wala nini na betri ikilala nzima inaamka imekufa, kuna kitu kinanyonya. Chomoa waya hasi, weka mita kwenye ampea (ncha nyekundu ihamie tundu la 10A) kati ya waya na nguzo, kila kitu kimezimwa, funguo imetolewa. Isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu ampea na zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Mara nyingi ni pampu ya ngama ambayo boya lake limekwama juu, au redio. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiua.

Wenye dizeli za ndani

Kwenu kipimo cha stata ni kilekile, chaji tu ndo tofauti, mna altaneta na mkanda. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati, ulegee kama sentimita moja, ukizidi unateleza, na unga mweusi pembeni ndo ushahidi. Halafu taa ya chaji kwenye dashibodi: ukifungua funguo kabla ya kuwasha LAZIMA iwake. Watu wanaona haiwaki wanafurahi. Kwenye altaneta nyingi umeme unaopita kwenye hiyo globu ndo unaoiamsha, globu ikiungua altaneta nzima kabisa inakaa bure, na wewe unaipeleka mjini kufungwa upya. Ikiwaka na haizimi mashine ikishanguruma, angalia mkanda, halafu kaboni. Na swichi kuu ya betri usiizime dizeli ikiwa inazunguka, ni kosa lilelile la kuchomoa betri.

Ukiwa katikati ya maji

Betri imekufa, upande wa bara huuoni. Mashine za 2-stroke za karbureta nyingi zinazalisha moto wake zenyewe bila betri, kwa hiyo kamba inatosha. Kama haina kamba yake ya kuvuta, toa kava, toa na kifuniko cha flaiwili kama kipo, funga fundo kwenye ncha ya kamba, liingize kwenye pengo la flaiwili, zungusha kamba mara mbili tatu kufuata mshale wa saa, hakikisha fri KWA MACHO maana hapa hakuna kinga, kikamba chekundu kipo, vuta kwanza polepole mpaka uhisi ugumu halafu vuta moja ya nguvu. Vua msuli au ufunge vizuri, hakuna shati linaloning'inia, na mashine ikishawaka usijaribu kurudisha kifuniko, nenda nayo hivyo hivyo mikono mbali.

Zile 4-stroke za injekta habari nyingine, nyingi bila volti za kutosha pampu ya mafuta na kompyuta haviamki hata uvute mpaka jioni, kubwa hata kuvuta huwezi. Huko azima umeme kwenye betri ya taa: chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ya hasi kwenye chuma cha mashine siyo kwenye betri iliyokufa. Mashine ikiwaka, unatoa ile waya ya kuazima tu, kuanzia ncha ya mwisho, betri yenyewe inabaki mahali pake.

Kamba ya akiba, urefu wa mita mbili, fundo limeshafungwa, iwekwe chini ya kava au kwenye boksi la plagi. Kata leo, ile ya nailoni inayofungia chelezo haifai, inateleza mkononi.